Nani wa kwanza duniani? Namna ya kulinganisha nchi na chapa kwa takwimu

Msimu wa korosho ukifunguliwa, magrupu ya WhatsApp ya Newala, Tandahimba na Ruangwa hujaa orodha. Tanzania ya ngapi duniani kwa korosho. Nchi kumi tajiri Afrika. Simu kumi bora za mwaka. Pikipiki inayoongoza kwa mauzo. Nyingi kati ya orodha hizi zimebeba namba za kweli, na bado msomaji huondoka na jibu lisilo la kweli, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kilichopimwa ni nini.

Sisi wa Kusini mwa Tanzania tuna sababu ya kulielewa jambo hili haraka, maana tumeishi na kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi. Mchuuzi akija na chombo chake, akakijaza korosho mpaka zikafanya kichuguu, kisha akaiita hiyo kilo moja, bei anayoitaja hailinganishiki na bei ya mnada wa chama cha ushirika, ambako kilo ni ya mzani uliokaguliwa. Shilingi ni zile zile, kilo siyo ile ile. Orodha za dunia nazo zina mizani na zina kangomba, na mwongozo huu ni wa kukusaidia kuzitenganisha. Unahitaji simu yenye bando, kikokotoo cha simu hiyo hiyo, na daftari.

Hatua ya 1: Andika swali likiwa na kipimo ndani yake

"Mtwara na Lindi, mkoa upi mkubwa?" Litupe swali hili kijiweni, utazua ubishi wa nusu siku, na pande zote mbili zitakuwa na haki. Kwa eneo, Lindi una kilomita za mraba zipatazo 66,000 na Mtwara zipatazo 16,700, kwa hiyo Lindi unakaribia mara nne ya Mtwara. Kwa watu, Sensa ya 2022 ilihesabu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi. Hapo Mtwara ndio mkubwa.

Sasa leta na Sensa ya 2012, iliyohesabu 1,270,854 Mtwara na 864,652 Lindi. Ukitoa, utaona Mtwara uliongeza watu wengi zaidi: kama 364,000, dhidi ya 329,000 wa Lindi. Lakini ukichukua ongezeko hilo ukaligawanya kwa idadi ya mwanzo, mambo yanageuka. Mtwara ulikua kwa asilimia 29 hivi, Lindi kwa asilimia 38. Piga hesabu hizi mwenyewe kwenye simu kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu zoezi hili dogo limebeba karibu kila kitu kitakachofuata. Namba ni zile zile, na kubadilisha kipimo peke yake kulitosha kumbadilisha aliyeongoza.

Ongeza kipimo cha msongamano: Mtwara una watu 98 hivi kwa kila kilomita ya mraba, Lindi 18. Ukitaka kusema "Lindi ni kweupe", kumbuka kwamba ndani ya Lindi kuna Liwale na mapori yake makubwa ya hifadhi, na kuna Lindi Manispaa ambako nyumba zimebanana. Wastani wa mkoa hausemi lolote kuhusu mtaa.

Swali lililokamilika basi lina vitu vinne: nani na nani wanalinganishwa, kwa kipimo gani, kwa kizio gani (watu, tani, dola, asilimia), na mwaka gani. Kikikosekana kimoja, rudi ukiandike kwanza.

Hatua ya 2: Soma jina la kipimo mpaka neno lake la mwisho

Hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika, na hapa ndipo ninapokuomba utulie zaidi.

Tuanze na korosho. Ukiuliza nani anaongoza duniani, utapata majibu mawili yanayopingana na yote sahihi. Kwa kuzalisha korosho ghafi, Ivory Coast ndiyo iliyo mbele. Kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, Vietnam ndiyo iliyo mbele. Siri ni kwamba viwanda vya Vietnam hununua korosho ghafi kutoka Ivory Coast, Kambodia, na hata hapa kwetu, wakabangua kwao na kuuza tena. Korosho iliyotoka Tandahimba ikapakiwa bandari ya Mtwara inaweza kuhesabiwa mara mbili katika takwimu za biashara za dunia: mara ya kwanza ikiwa mauzo ya Tanzania, mara ya pili ikiwa mauzo ya Vietnam. Atakayejumlisha mauzo ya nchi zote na kuita jumla hiyo "korosho za dunia" atakuwa amezalisha korosho ambazo hakuna mti uliozizaa.

Uzito nao unadanganya. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho zilizobanguliwa. Orodha inayosema nchi moja iliuza tani 100,000 na nyingine tani 40,000 bila kutaja ghafi au zilizobanguliwa haina maana yoyote, kwani ile ya tani 40,000 huenda ndiyo iliyohitaji mavuno makubwa zaidi. Katika hifadhidata ya FAOSTAT, ile ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, safu ya uzalishaji huandikwa wazi kwamba ni korosho pamoja na ganda lake. Maneno hayo ni ya kunakiliwa kwenye daftari, si ya kurukwa.

Halafu mwaka. Msimu wetu huanzia Oktoba na kuvuka kuingia mwaka mwingine. Bodi ya Korosho Tanzania, yenye makao makuu hapa Mtwara, huhesabu kwa msimu: 2017/18, kwa mfano, ulivuka tani 313,000. FAOSTAT huandika mwaka mmoja wa kalenda. Ukizikuta namba mbili hazilingani, usikimbilie kusema kuna aliyepika. Huenda kila mmoja amekata mwaka mahali pake.

FAOSTAT ina pia safu ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, na nchi zilizojaa humo ni chache mno. Brazil ndiyo inayoonekana zaidi. Kwa anayejua jinsi mabibo yanavyotandaza ardhi chini ya mikorosho ya Masasi, hilo ni somo tosha. Kisanduku kitupu maana yake hakuna aliyeripoti. Usikisome kuwa sifuri, na usiseme "Brazil inaongoza" bila kuongeza "kati ya nchi zilizoripoti".

Mfano wa pili unatuuma zaidi: gesi. Tumeambiwa miaka mingi kwamba Tanzania ina gesi futi za ujazo trilioni 57.54, ambapo 47.13 ziko kwenye kina kirefu cha bahari na 10.41 nchi kavu. Namba hiyo ni rasmi. Sasa tazama World Factbook, kitabu cha takwimu cha Marekani ambacho orodha nyingi za mitandaoni zilichota humo mpaka kilipofungwa Februari 2026. Kilikuwa kikiandika kwamba Tanzania ina mita za ujazo bilioni 6.513, na Msumbiji mita za ujazo trilioni 2.832. Zigeuze ziwe futi, kwa kuzidisha na 35.3. Tanzania inapata trilioni 0.23, Msumbiji trilioni 100. Mto Ruvuma upo katikati, miamba chini ya bahari inafanana, na jedwali linamwonyesha jirani akiwa na zaidi ya mara 400.

Anayetaka kuibeza nchi atachukua 0.23. Anayetaka kuisifu atachukua 57.54 na kuiweka kwenye jedwali la wengine, na ghafla tutaonekana tumewapita mataifa ambayo yanauza gesi kila siku. Wote wawili wamelinganisha vitu visivyo vya aina moja. Trilioni 57.54 ni gesi iliyogunduliwa, yote iliyokadiriwa kuwapo chini ya ardhi. Namba ya World Factbook ni akiba iliyothibitika, yaani ile tu ambayo kuna uhakika wa kutosha kwamba inaweza kutolewa kwa faida kwa teknolojia na bei zilizopo. Msumbiji ilipakia shehena yake ya kwanza ya gesi kimiminika kutoka Coral Sul, kiwanda chake kinachoelea baharini, Novemba 2022, wakati mradi wetu wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, ulikuwa bado mezani. Kwa hiyo ukitaka kutulinganisha na Msumbiji, chagua moja: iliyogunduliwa kwa iliyogunduliwa, au iliyothibitika kwa iliyothibitika.

Kwa watakaosoma taarifa za jirani zetu kwa lugha zao: katika Kireno cha Msumbiji, kama katika Kifaransa cha Ivory Coast, neno linalosikika kama bilioni lina maana ya trilioni yetu. Kosa moja la hapo ni sifuri tatu nzima. Angalia pia alama za namba, maana Wareno na Wafaransa hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta.

Jambo hilo hilo lipo kwenye saruji. Kiwanda cha Dangote cha Mtwara, kilichofunguliwa 2015, hutajwa kwa tani milioni 3 kwa mwaka. Huo ni uwezo wa mitambo. Uzalishaji wa mwaka fulani ni namba nyingine, na mauzo ni ya tatu.

Hatua ya 3: Gawanya kwa watu, kisha uliza bei ya wapi

Orodha ya nchi tajiri kwa pato zima la taifa hupendelea nchi zenye watu wengi. Gawanya pato kwa idadi ya watu ndipo upate wastani wa mtu mmoja. Kwa Tanzania, Benki ya Dunia hutoa wastani wa karibu dola 1,200 kwa mwaka kwa dola za kawaida. Utakuta pia namba nyingine, kubwa mara tatu hivi, imeandikwa kwamba ni ya uwezo wa kununua. Hakuna aliyekosea. Namba ya kwanza inageuza shilingi kuwa dola kwa bei ya duka la fedha za kigeni. Ya pili inajali kwamba shilingi zinazotosha kunyoa nywele na kula mlo wa samaki Mikindani zisingetosha hata kunyolewa upande mmoja kule London. Ukiuliza mtu wa kawaida anaishije, tumia ya uwezo wa kununua. Ukiuliza nchi inaweza kununua mafuta kiasi gani kutoka nje, tumia ya dola za kawaida, kwa sababu meli ya mafuta haiangalii bei ya samaki wa Mikindani.

Makundi ya nchi nayo yasomwe na mpaka wake. Julai 1, 2020 Benki ya Dunia iliitoa Tanzania kundi la kipato cha chini na kuiingiza kipato cha kati cha chini. Mpaka ulikuwa dola 1,036 kwa mtu. Tanzania ilikuwa na 1,080. Ni hatua ya kweli na ya kujivunia, na pia ni tofauti ya dola 44. Kundi linakuambia upande gani wa mstari nchi imesimama. Haliambii iko mbali kiasi gani na mstari.

Mstari wenyewe nao husogezwa. Juni 2025 Benki ya Dunia ilibadilisha kipimo cha umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3.00, kwa bei mpya za kulinganisha. Anayechukua asilimia ya masikini ya ripoti ya zamani na kuiweka karibu na ya ripoti mpya ataona watu wamezama kwenye ufukara kwa usiku mmoja.

Mfano mkubwa kuliko yote barani ni Nigeria. Aprili 2014 walibadilisha mwaka wa kizio wa hesabu zao, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia, wakaingiza sekta zilizokuwa hazihesabiwi vizuri, kama simu na filamu, na pato la taifa likaongezeka kwa asilimia 89. Nigeria ikaipita Afrika Kusini siku hiyo hiyo. Miaka kumi baadaye, naira ikiwa imeporomoka, orodha za pato kwa dola ziliiweka nafasi ya nne, nyuma ya Afrika Kusini, Misri na Algeria. Ukiona nchi imeruka au imeanguka ghafla, uliza mambo mawili kabla ya kuuliza juhudi za watu: je, njia ya kuhesabu imebadilika? Je, sarafu imeshuka?

Hatua ya 4: Rudi kwenye chanzo

Picha iliyosambazwa kwenye grupu si chanzo. Tovuti iliyoandika "kwa mujibu wa utafiti" si chanzo. Wikipedia ni mlango mzuri, kwa sababu chini ya ukurasa kuna viungo vya zilikotoka namba. Pita mlango huo, usikae hapo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina za ndani ya nchi mpaka ngazi ya wilaya na kata. Benki ya Dunia, FAOSTAT na Our World in Data hufunguka vizuri hata kwenye simu, na majedwali yake unaweza kuyashusha bila malipo na kuyafungua kwenye Google Sheets. Soma maandishi madogo chini ya grafu. Humo ndimo mmeandikwa aliyekusanya, mwaka, na njia.

Vyanzo viwili vya kuaminika vikitofautiana, usichague kinachokufurahisha. Chukua vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulitoa vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa mwaka 2020, yalikadiria 238. Utafiti wa aina hiyo huwauliza watu kaya kwa kaya kuhusu ndugu zao waliofariki. Umoja wa Mataifa huchanganya vyanzo vingi na kuvipitisha kwenye kanuni moja ili nchi zote zipimwe sawasawa. Ukitaka kuilinganisha Tanzania na Kenya au Malawi, tumia ya Umoja wa Mataifa kwa nchi zote. Ukitaka kuona safari yetu wenyewe, tumia tafiti za kitaifa, 556 ya 2015/16 kwa 104 ya 2022. Kosa ni kuchukua 104 yetu na kuiweka kando ya kadirio la Umoja wa Mataifa la jirani. Jambo hili linagusa uhai wa dada zetu, na anayelisemea hadharani anawajibika kulisema sawasawa.

Hata chanzo kikubwa kinaweza kuchafuka. Benki ya Dunia ilikuwa ikitoa Doing Business, orodha ya urahisi wa kufanya biashara, na serikali nyingi zilikuwa zikiisubiri kwa hamu. Septemba 2021 iliifuta kabisa, baada ya kubainika dosari katika data za China kwenye toleo la 2018 na za Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan kwenye toleo la 2020. Bado utakuta watu wanainukuu leo.

Hatua ya 5: Alama kwanza, nafasi baadaye

Katika fahirisi ya mtazamo wa rushwa ya Transparency International, Tanzania ilipata alama 40 mwaka 2023 na kushika nafasi ya 87. Mwaka 2024 ilipata 41 na kupanda hadi ya 82. Alama moja, nafasi tano. Vichwa vya habari hupenda nafasi kwa sababu inaruka. Wewe shika alama, maana ndiyo inayoihusu nchi yenyewe. Nafasi inategemea na wengine, na inategemea nchi ngapi zimeorodheshwa mwaka huo. Mashabiki wa mpira wanalijua hili: timu ya taifa inaweza kupanda kwenye orodha ya FIFA bila kucheza, kwa kuwa waliokuwa juu yake wamefungwa.

Angalia pia kanuni ilibadilika lini. FIFA ilibadilisha yake 2018. Transparency International ilibadilisha yake 2012, kwa hiyo alama za kabla ya hapo zisiwekwe kwenye mstari mmoja na za sasa. Na soma neno "mtazamo": kinachopimwa ni jinsi wataalamu na wafanyabiashara wanavyouona utumishi wa umma. Kesi za mahakamani wala fedha zilizoibiwa hazihesabiwi humo.

Orodha nyingine nitazitaja kwa kifupi. Ya furaha ya dunia, ambayo Finland imeongoza tangu 2018, humwomba mtu afikirie ngazi yenye daraja 0 hadi 10 na aseme maisha yake yako daraja la ngapi. Kwa kawaida huulizwa watu kama 1,000 kwa nchi kwa mwaka. Ya pasipoti ya Henley huhesabu tu nchi unazoingia bila kuomba viza mapema. Ya vyuo vikuu ya Webometrics hutazama uwepo wa chuo mtandaoni na tafiti zake zinazonukuliwa, haiingii darasani. Ya gharama za maisha ya Numbeo hujazwa na watumiaji wenyewe, na miji midogo hupata wajazaji wachache, hivyo ukitafuta bei za Lindi mjini ni heri uende sokoni.

Hatua ya 6: Chapa zina hesabu zake

Nchi zina ofisi za takwimu. Chapa zina kampuni za ushauri, na kila moja ina kanuni yake. Mwaka 2024 thamani ya jina la Apple ilitajwa kuwa dola bilioni 488.9 na Interbrand, bilioni 516.6 na Brand Finance, na zaidi ya trilioni 1 na Kantar. Kampuni moja, mwaka mmoja, na ya juu ni mara mbili ya ya chini. Brand Finance hukadiria mwenye jina angelipa kiasi gani kulikodi kama lisingekuwa lake. Kantar huchanganya hesabu za fedha na maoni ya wateja waliohojiwa. Interbrand hutazama faida, mchango wa jina katika uamuzi wa mnunuzi, na nguvu ya jina sokoni. Pia hutaka sehemu ya mapato, angalau asilimia 30, itoke nje ya eneo la nyumbani, kwa hiyo kampuni kubwa inayouza kwao tu haiwezi kuingia. Usichanganye kamwe orodha hizi katika jedwali moja. Na thamani ya jina si ubora wa bidhaa.

Kwa simu, jua kwanza kilichohesabiwa. Kampuni kama IDC huhesabu simu zilizotoka kwa mtengenezaji kwenda kwa wauzaji. Kwa hesabu hiyo Transsion ya Shenzhen, China, mwenye Tecno, Itel na Infinix, imekuwa ikichukua karibu nusu ya simu janja zinazoingia Afrika. StatCounter huhesabu kurasa zilizofunguliwa mtandaoni, na huandika Tecno, Itel na Infinix kila moja kivyake. Hapo Samsung inaweza kutokea juu, kwa sababu wapinzani wamegawanywa vipande vitatu, na kwa sababu anayefungua kurasa nyingi anahesabiwa mara nyingi. Kitochi cha bibi yako wa Nanyamba, kinachokaa na chaji wiki nzima, hakionekani kabisa humo.

Magari vivyo hivyo. Toyota imeongoza duniani kwa mauzo tangu 2020, na magari milioni 11.2 ya mwaka 2023 yanajumuisha Daihatsu na Hino. Yote ni mapya. IST na Noah zinazopishana barabara ya Mtwara hadi Masasi zilihesabiwa Japani miaka mingi nyuma, zilipouzwa mara ya kwanza, hivyo soko letu la magari yaliyotumika halimo kwenye orodha hiyo.

Upande wa pikipiki, Hero ya India hujitangaza ya kwanza duniani tangu 2001 kwa idadi inayouzwa na kampuni moja. Honda ya Japani nayo hutajwa kuwa kubwa kuliko wote, kwa kujumlisha kampuni zake na ubia wake nchi mbalimbali. Maneno "kampuni moja" ndiyo yanayotenganisha madai hayo mawili.

Ila kijana anayekwenda kukopa pikipiki ya bodaboda Masasi hahitaji orodha yoyote kati ya hizo, na hapa nasema kwa mkazo kwa sababu mkopo huo ni wa familia nzima. Atengeneze orodha yake. Aende vijiwe kadhaa, cha mjini na cha kijijini, ahesabu TVS, Boxer, Sanlg na nyingine zilizoegeshwa, na aandike saa na mahali. Akihesabu kijiwe kimoja tu atapata chapa ya tajiri mmoja aliyenunua pikipiki nyingi kwa mkupuo. Wingi kijiweni bado si uimara, hivyo awaulize mafundi wasiouza pikipiki ni chapa ipi inarudi mara kwa mara, na kwa ugonjwa gani. Akumbuke kuwa chapa iliyo nyingi barabarani itakuwa nyingi gereji pia; agawanye zinazoletwa kwa fundi kwa zilizopo vijiweni. Kisha aulize bei ya spea tatu zinazoisha haraka, mnyororo, bushi na pedi za breki, kwenye maduka mawili tofauti, na bei ya kuuza pikipiki ya miaka miwili. Safu hizo nne zitamsaidia kuliko thamani ya jina la chapa yoyote.

Tuzo za "chapa bora ya mwaka" zichunguzwe kwa swali moja: nani aliyelipa? Kuna tuzo ambazo mshindani hulipa ada ya kushiriki au ya kutumia nembo ya ushindi. Hilo peke yake halimaanishi bidhaa ni mbaya. Linamaanisha wasiolipa hawakushindanishwa.

Hatua ya 7: Chora jedwali lako na uliandike vizuri

Safu tano zinatosha: nchi au chapa, namba, kizio, mwaka wa data, chanzo. Mwaka wa data ni ule uliopimwa, si ule wa kuchapisha. Ripoti ya maendeleo ya binadamu iliyotoka Machi 2024, kwa mfano, ilibeba takwimu za 2022. Kama safu ya kizio au ya mwaka ina maandishi tofauti kutoka mstari mmoja hadi mwingine, bado huna ulinganisho. Rudi hatua ya 2.

Unapolituma kwenye grupu, andika juu yake sentensi kamili: "Akiba ya gesi iliyothibitika, Tanzania na Msumbiji, kwa mujibu wa World Factbook, haihesabu gesi iliyogunduliwa ambayo haijathibitika." Ni ndefu, na itapunguza watu wa kuisambaza. Iache hivyo hivyo.

Weka na tarehe za kurudi kutazama upya. Makundi ya kipato ya Benki ya Dunia hubadilishwa kila Julai 1, fahirisi ya rushwa hutoka mwanzoni mwa mwaka, na Interbrand hutoa yake karibu na mwisho wa mwaka. Ukishusha jedwali jipya, la zamani usilifute. Lihifadhi kwa jina la siku uliyolishusha, kwa sababu wachapishaji hurekebisha hata namba za miaka iliyopita, na atakayekuuliza ulitoa wapi 238 yako utaweza kumfungulia faili lenyewe.